Shemeji ndiye fundi wangu, na sasa anataka kuongeza upepo wa turbo

Mpendwa Mshauri,

Nina Toyota Mark II ya umbo la JZX90, Tourer V ya mwaka 1994, injini 1JZ-GTE ya turbo mbili, giaboksi R154 ya gia tano. Ni gari la mapenzi tu. La kwendea kazini ni lingine. Hili nalitunza kwa ajili ya siku za uwanja wa mbio na safari za wikendi.

Fundi wake ni mmoja, kaka mkubwa wa mke wangu. Jumapili anakuja, anafungua boneti, mimi nanunua vipuri na kushika tochi. Kwa mkono wake amebadilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji, amefunga klachi mpya, bushi zote za mbele, rejeta ya alumini, na ekzosi ya inchi 3 kuanzia bomba la mbele hadi nyuma. Hajawahi kupokea malipo. Nikimpa bahasha anairudisha kwa dada yake.

Sasa ameamua hatua inayofuata ni kuongeza upepo. Geji ya upepo inasoma bar 0.7 (bar ni kipimo cha presha), na usiku wa baridi inagusa 0.8 tangu ekzosi ibadilishwe. Yeye anataka bar 1.2, kwa vali ya mkono ya kuongezea upepo, pamoja na kile kisanduku kinachounganishwa kwenye waya wa sensa ya presha ili ECU, yaani kompyuta ya injini, isikate mafuta. Intakula (kipozea hewa ya turbo) ataiacha ile ndogo ya kiwandani iliyo pembeni mwa bampa. Nilimuuliza mchanganyiko wa mafuta na hewa tutaupimaje. Akasema, "Shemeji, injini ikianza kugonga nitaisikia."

Ninasoma sana kuhusu injini hizi na nimeingiwa na hofu. Kwanza, tulipima kompresheni (presha inayobanwa ndani ya silinda) kabla ya kufunga plagi mpya. Silinda tano zilisoma kati ya bar 10.6 na 10.9, ila namba 6 ilisoma 9.3. Yeye alisema ni uzee tu. Pili, nikikanyaga mafuta mwisho, gari linamisi kuanzia mizunguko 5,000. Tatu, plagi ya zamani ya silinda hiyohiyo namba 6 ilitoka na vidoti vidogo vyeusi vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe. Zile nyingine tano zilikuwa safi, rangi ya kahawia hafifu. Plagi hiyo bado ninayo.

Nikapendekeza tununue ECU ya kujitegemea, inayopangwa upya badala ya ile ya kiwandani, na tupeleke gari kwa mtu mwenye mashine ya daino ya kupima nguvu za gari. Shemeji aliweka spana chini, akaniuliza, "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unaniona sijui?" Akaondoka, na Jumapili zilizofuata hakuja. Mke wangu anasema nimwache kaka yake afanye anavyojua, au gari liuzwe, kwa sababu haliwezi kugombanisha ndugu. Mama mkwe naye amesikia.

Sitaki kumvunjia heshima mtu aliyenifanyia yote haya, na injini nayo sitaki ife. Kusema kweli, nguvu zaidi hata mimi nazitaka. Nifanyeje?

Ni mimi, Shemeji Niliyebanwa

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Shemeji Uliyebanwa,

Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa pamoja: gari hili liongezwe upepo kwa njia gani, na utamwambiaje mtu unayemheshimu kwamba mpango wake unakutia hofu bila kumfanya aone umemdharau. Yote mawili yananigusa. Fundi anayerudisha bahasha ana thamani kubwa, na JZX90 yenye injini yake ya asili bado ikiwa nzima si kitu cha kuchezea.

Nitaanzia kwenye silinda namba 6, kwa sababu naona ninyi wawili mnabishana juu ya bar 1.2 wakati dalili zote ulizoandika zimetokea kwenye bar 0.7 hadi 0.8. Hata shemeji akikubali leo kuacha upepo wa kiwandani, dalili hizo zitabaki palepale.

Chukua ile plagi uliyoihifadhi, uitazame kwa lenzi ya kukuzia chini ya taa kali. Vidoti vikiwa vyeusi visivyo na mng'ao, vikifutika kwa kitambaa, ni masizi au oili iliyoungua. Vikiwa vijiduara vya kijivu vyenye mng'ao wa metali, vimeshikamana na kauri, huenda ni alumini kutoka kwenye uso wa pistoni. Alumini huruka hivyo injini inapogonga: mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, na presha inapanda ghafla kupita kiasi. Kugonga kwa namna hiyo kukiendelea huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na hapo kompresheni hushuka.

Lakini usikimbilie kuhukumu kwamba ringi zimekwisha. Kompresheni ikishuka kwenye silinda moja ina sababu nyingi, na mojawapo ni nafuu kabisa. Injini hii hurekebishwa nafasi ya vali (mwanya mdogo unaoachwa juu yake) kwa vipande vya chuma vilivyokaa juu ya vikombe vyake. Kiti cha vali kikilika, vali hupanda juu na nafasi hupungua, hadi vali haifungi sawasawa. Injini ikiwa baridi, vali za kuingiza hewa zinatakiwa kuwa na milimita 0.15 hadi 0.25, na za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35. Vali moja ya moshi iliyobana inatosha kukupa 9.3 yako, na dawa yake ni kubadilisha kipande kimoja bila kushusha silinda hedi.

Hujasema mlipima injini ikiwa na moto au baridi, wala kama mlango wa hewa ulikuwa wazi. Betri dhaifu au mlango uliofungwa hushusha silinda zote sita pamoja, kwa hiyo havielezi namba 6 peke yake. Hata hivyo rudieni kipimo kwa utaratibu: injini ipate moto wa kawaida, plagi zote sita zitoke, injekta (vinyunyizio vya mafuta) na koili za cheche zikatiwe umeme, mafuta yakanyagwe mwisho, kisha staata izungushe hadi sindano isipande tena. Namba 6 ikibaki chini, mwaga kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda ndio wa kutiliwa shaka. Isipopanda, angalieni vali au gasketi ya hedi.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kile cha kujaza silinda upepo wa kompresa, karibu bar 7, pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote zimefungwa. Hakikisheni injini imezuiwa isizunguke, maana upepo huo una nguvu ya kuisukuma na mkono wa mtu unaweza kuumia. Kisha sikilizeni. Upepo ukitokea kwenye ekzosi, ni vali ya moshi. Ukisikika kwenye mdomo wa hewa, ni vali ya kuingizia. Kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Mapovu yakionekana kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi. Upotevu wa chini ya asilimia 10 ni mzuri, na injini yenye umri huu ikifika 15 haishangazi. Kinachotisha ni moja kuwa mbali na wenzake.

Kuna suala la injekta pia, nalo naliona muhimu kuliko unavyolipa uzito. Hata ukifunga kipimo kizuri cha lambda, yaani uwiano wa hewa na mafuta, kwenye ekzosi, kinasoma wastani wa silinda zote. Injekta moja iliyoziba nusu inaweza kuacha silinda yake na njaa ya mafuta huku geji ikionyesha namba nzuri. Toeni injekta zote sita zikaoshwe na kupimwa kwenye mashine, zirudi na karatasi ya kiasi kila moja inachomwaga. Ya namba 6 ikimwaga pungufu kuliko nyingine, mmepata maelezo ya plagi ile bila kufungua injini.

Kuhusu kumisi kwenye mizunguko 5,000, anzeni na cheche. Koili za umri huu hupata nyufa, na soketi zake za plastiki hukatika zikiguswa tu. Plagi za kiwandani zina mwanya wa milimita 1.1. Upepo unapoongezeka cheche hushindwa kuruka mwanya huo, ndiyo maana wanaotuni huupunguza hadi 0.8 na kuchagua plagi ya baridi zaidi kwa hatua moja. Kwa NGK, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, kwa hiyo mnatoka 6 mnakwenda 7. Jambo la kuangalia: silinda ikimisi, oksijeni isiyoungua inatoka kwenye ekzosi, na kipimo cha lambda kinasoma kana kwamba mafuta hayatoshi. Mtu asiyejua hili ataongeza mafuta, na gari litazidi kumisi.

Sasa mpango wa shemeji. Nauheshimu uzoefu wake, na kazi ulizozitaja ni za mtu anayejua mkono wake unafanya nini. Ila kile kisanduku kinanipa wasiwasi wa wazi. ECU ya JZX90 hujua kiasi cha hewa kupitia sensa ya presha. Kisanduku kinaizuia isione presha ikipita kiwango fulani, ili isikate mafuta. Tuseme kimefungiwa bar 0.95, na turbo inasukuma bar 1.2. Ukijumlisha na presha ya kawaida ya hewa, ECU inaona 1.95 wakati injini inavuta 2.2. Hewa imezidi kwa karibu asilimia 13 na mafuta yamebaki yaleyale. Kama gari lilikuwa na sehemu 11.5 za hewa kwa moja ya mafuta, ambayo ni salama kwa turbo ikiwa mafuta yamekanyagwa mwisho, sasa linakwenda 13. Na muda wa cheche nao umebaki wa upepo mdogo, yaani cheche inawahi mno. Hayo mawili kwa pamoja, na hewa ya moto kutoka kwenye intakula ndogo, ndiyo hali inayozaa kugonga.

Je, sikio litasikia? Kwenye injini tulivu, kwa mizunguko midogo, ndiyo. Kwenye mizunguko 6,000, ekzosi ya inchi 3 ikinguruma, fundi hodari anaweza asisikie chochote hadi pistoni iwe imeshaumia. Sikio lake si baya, ila sauti ile inazama ndani ya kelele nyingine.

Halafu kuna turbo zenyewe. CT12A za injini hii zina gurudumu la upande wa moshi la kauri. Lilichaguliwa kwa wepesi ili turbo iamke mapema, lakini halivumilii joto na mizunguko ya kupindukia. Linapasuka vipande, na shafti yake haizunguki sawa tena. Waangalifu hukaa kwenye bar 0.8 hadi 0.85. Ekzosi yenu iliyofunguka tayari imesogeza upepo juu, kwa hiyo kabla hujagusa vali yoyote umeshafika karibu na mpaka huo.

Nikuulize jambo moja taratibu. Unaamini daino na ECU mpya ndivyo vitakavyokuokoa? Mtu wa daino akiwa mwaminifu, kabla ya kupandisha upepo ataangalia mambo haya haya, na akikuta namba 6 haiko sawa atakurudisha nyumbani. Asipokuwa mwaminifu, atatuni juu ya ugonjwa, utapata karatasi yenye mchoro mzuri na pistoni yenye ufa. Kumchagua mgeni hakuondoi hatari moja kwa moja. Ukienda kwake, muulize kama atakupa kumbukumbu ya data yote ya majaribio: lambda, joto la hewa inayoingia, muda wa cheche, usomaji wa sensa mbili za kugonga, na muda injekta zinaokaa wazi, ambao haufai kupita asilimia 85. Akikataa kukupa, umepata jibu lako.

Njia nazoziona ni kadhaa. Unaweza kubaki na upepo wa kiwandani na kurudisha injini kwenye afya yake kamili: mipira yote midogo ya hewa na vakyum ibadilishwe, mabomba ya intakula yajazwe upepo wa bar 0.7 na kupakwa maji ya sabuni kutafuta mapovu, umeme upimwe kwenye pampu ya mafuta injini ikiwa na mzigo. Gari lililotoka kiwandani na farasi 280 mara nyingi, baada ya miaka 30, halina hizo 280, na ukizirudisha utazihisi. Hatari ya njia hii ni kwamba kiu yako ya nguvu inaweza isiishe, na shemeji anaweza kuona umemshinda kimyakimya.

Unaweza kukutana naye katikati: bar 0.85, bila kisanduku chochote, intakula ya mbele, plagi za mwanya mdogo, na kipimo cha lambda mbele ya macho yenu. Ongezeko lenyewe ni dogo, na turbo za kauri bado ni za umri wake. Zinaweza kuvunjika hata mkiwa waangalifu, na hapo lawama itatafuta mwenyewe.

Au uende mbali zaidi, turbo moja kubwa yenye gurudumu la chuma, injekta kubwa, pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa, ECU ya kujitegemea na daino. Hapo hiyo bar 1.2 inaweza kufikiwa kwa utaratibu, kama silinda sita zote ni nzima. Ni njia ndefu. Klachi mpya uliyofunga, kama ni ya daraja la kiwandani, inaweza kuanza kuteleza. Gharama haitabiriki kirahisi, na gari linaweza kukaa juu ya stendi kwa misimu. Lakini angalia kazi ilivyogawanyika humo: kufunga turbo, mabomba, waya na pampu ni kazi ya mikono, na mikono unayo kwenye ukoo. Kuandika ramani ya mafuta na cheche ni taaluma nyingine. Wenye magari wengi huwa na watu wawili kwa kazi hizi mbili, na hakuna anayetukanwa.

Hapo ndipo narudi kwa shemeji mwenyewe. Umesoma hasira yake kama kiburi cha fundi. Inawezekana. Ila alichokuuliza ni kama ulikuwa unamwona hajui, na swali hilo hutoka kwa mtu aliyeumia. Alikuwa akijenga gari hili pamoja nawe, kisha jina la mtu mwingine likatajwa bila yeye kushirikishwa. Pia hamjawahi, nadhani, kuzungumza jambo lenyewe: injini ikifa mkononi mwake, nani atalipa? Kazi isiyo na malipo huacha swali hilo wazi. Wewe unaogopa kumlaumu, yeye huenda anaogopa kulaumiwa, na kila mmoja anajificha nyuma ya namba za bar.

Kama utaamua kumfuata, ningekuomba uende mwenyewe. Usimtume mke wako, kwa sababu akibeba ujumbe wako atalazimika kuchagua upande. Mama mkwe mwachie salamu tu. Chukua ile plagi uende nayo. Usianze na bar 1.2 wala daino. Mwambie, "Shemeji, namba 6 inanisumbua, naomba tuitazame pamoja." Hilo ni ombi la kweli, maana mkono wake ndio unaoijua injini hii. Mkishapata jibu la vali, ringi au injekta, mtakuwa mnabishana mbele ya kitu kilichopimwa, na huenda yeye mwenyewe akasema upepo usubiri. Au akasema usisubiri, na hapo utakuwa na haki ya kumuuliza kwa upole mtafanyaje ikivunjika.

Na mke wako anaposema liuzwe, msikilize vizuri. Huenda hasemi habari ya gari. Muulize Jumapili zile zilikuwa na maana gani kwake, kaka yake akiwa nyumbani kwake kila wiki. Jibu lake linaweza kubadilisha njia utakayoichagua kuliko karatasi yoyote ya daino.

Mkirudia vipimo, niandikie namba za silinda zote sita, baridi na moto, pamoja na kile lenzi itakachoonyesha kwenye plagi.